Korongo juu ya msonobari

Kama ulisikiliza kipindi cha wiki hii, ulinisikia nikisema nitawaeleza ile stori ya Baba na picha ya kwa daktari, halafu muda ukatuishia. Wengi mmeniandikia mkidai deni. Sasa ndiyo hii. Ni ndefu kidogo, tengeneza chai kwanza.

Ilikuwa Februari, Rockville. Baba alikuwa na miadi ya macho, mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumfunga upande wa kushoto, na mimi ndiye dereva. Mtu aliyeendesha mabasi hapa Maryland miaka zaidi ya ishirini sasa anaketi kiti cha abiria akinionyesha breki. Tukafika mapema, kama kawaida yake, na tukakaa kungojea. Mbele yetu ukutani palikuwa na picha ya Kichina. Korongo wawili weupe, shingo nyeusi, utosi mwekundu, wamesimama juu ya tawi la msonobari, na jua jekundu nyuma yao.

Picha za aina hiyo mmeziona. Ziko kwenye mikahawa ya Rockville, ziko kwenye kalenda, na kama nyanya yako alikuwa na ile chupa ya chai ya Mchina iliyowekwa kabatini kwa ajili ya wageni tu, huenda hata hapo zilikuwepo. Mimi nimezipita maisha yangu yote bila kuzitazama. Baba aliitazama kwa lile jicho moja zima, akasema, "Huyu aliyechora anajua ndege. Korongo hulala juu ya mti."

Mimi, mtoto wa intaneti, nikatoa simu. Nikasoma. Nikamwambia, "Baba, hapa wanasema korongo hawezi kukaa juu ya mti. Mchoraji alikosea."

"Nani anasema?"

"Imeandikwa hapa."

"Hiyo simu imewahi kuchunga ng'ombe?"

Muuguzi akamwita jina lake, na hivyo nikashindwa ile hoja kwa mara ya kwanza.

Wote wawili tulikuwa sawa

Nilipofika nyumbani nilisoma vizuri, kwa sababu sipendi kushindwa. Kumbe wote wawili tulikuwa sawa, kila mmoja na ndege wake.

Ndege wa kwenye picha ni korongo mwenye utosi mwekundu. Wachina humwita pia xianhe, korongo wa wale wasiokufa. Ule wekundu kichwani si manyoya, ni ngozi tupu. Anazaliana kwenye vinamasi vya kaskazini mashariki mwa China, mashariki ya mbali ya Urusi na kisiwa cha Hokkaido huko Japani. Ni ndege wa matete na maji. Kidole chake cha nyuma ni kifupi na kimeinuka juu, hakigusi chini vizuri, kwa hiyo hawezi kushika tawi. Usiku analala amesimama kwenye maji ya kina kifupi. Kumweka juu ya msonobari ni kama kumweka kiboko juu ya mwembe. Wachoraji walijua walichokuwa wakifanya. Msonobari haupukutishi majani hata wakati wa baridi, na korongo alisimuliwa kuishi miaka elfu, basi ukiwaweka pamoja umemtakia mtu maisha marefu. Ndiyo maana picha hiyo hupewa wazee siku ya kuzaliwa. Ni dua iliyochorwa.

Ndege wa Baba ni korongo taji, yule wa kijivu mwenye taji la manyoya ya dhahabu kama jua linalochomoza kichwani. Huyo ana kidole cha nyuma kirefu, kinashika. Katika jamaa yote ya korongo, aina kumi na tano duniani, ni korongo taji tu, wa kwetu na ndugu yake mweusi wa Afrika Magharibi na Sudan, ambao hulala juu ya miti. Yaani kile ambacho mchoraji wa China alikibuni kwa ajili ya dua, kwetu ni jambo la kila jioni. Baba alikulia kilomita chache kutoka kinamasi cha Saiwa, upande wa Kitale, na akiwa mchungaji aliwaona wakirudi magharibi, wawili wawili, wakitua juu ya miti.

Nikampigia simu kumwambia. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi yule Mchina alichora wa kwetu." Nikamwacha na ushindi wake.

Meseji ya Baba mdogo

Hapa ndipo stori inaponigusa mfukoni.

Juma lilelile, Baba mdogo alituma sauti kwenye kundi la familia. Kule nyumbani tuna shamba ambalo Babu aliliacha bila kuligawa. Sehemu ya chini ni kinamasi, kama ekari mbili na nusu hivi za matete na mafunjo, na kijito kinapita katikati. Baba mdogo alikuwa amepata wazo: tuchimbe mitaro, tukaushe, tupande mikaratusi. Mti wa karatusi unakunywa maji kama harusi ya wanakijiji, baada ya miaka michache unauza nguzo za stima. Alihitaji dola 1,600 za kuanzia. Na kwa kuwa Baba amestaafu, ombi lilinielekea mimi. "Kukhu," akaniita, maana nina jina la mama yao, "wewe ndiwe umesimama huko kwa niaba yetu."

Mwaka mmoja nyuma ningetuma bila kuuliza. Nyinyi mnajua. Unatuma, unapata picha ya risiti, unalala. Lakini sasa nilikuwa na ndege kichwani. Nikamuuliza Baba, "Wale korongo wako walikuwa wanakaa wapi mchana?"

"Si hapo hapo chini? Walikuwa wakitaga kwenye yale matete. Mayai mawili, matatu. Sisi tulikatazwa kuyagusa."

"Na bado wapo?"

Hakujua. Mara ya mwisho kwenda nyumbani ilikuwa mazishi, na kwenye mazishi hakuna mtu anayehesabu ndege.

Kupendwa si kulindwa

Kuna mchoro mmoja maarufu ambao nimeutazama sana tangu siku ile. Ulichorwa na mfalme, Huizong wa enzi ya Song. Jioni ya siku ya kumi na sita ya mwezi wa kwanza, mwaka 1112, wingu lilishuka juu ya lango la jumba lake huko Kaifeng, na kundi la korongo likatokea likizunguka juu ya paa. Watu wakasimama barabarani kushangaa. Mfalme akalichukua kama ishara njema kwa utawala wake, akachora kwenye hariri: mapaa chini, anga la buluu juu, korongo ishirini, kumi na wanane wakiruka na wawili wametua kwenye ncha za paa. Mchoro huo uko hadi leo, kwenye makumbusho ya mkoa wa Liaoning.

Ishara njema haikudumu. Mwaka 1127 jeshi la Jin liliuteka mji, likamkamata mfalme na jamaa yake na kuwapeleka kaskazini. Alikufa mateka mwaka 1135, katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Heilongjiang. Ukifungua ramani utaona kitu cha kusikitisha: huko ndiko korongo wale wanakozaliana. Aliyewachora kama wageni kutoka mbinguni alifia mkoani kwao.

Na Heilongjiang yenyewe? Kuanzia miaka ya 1950 serikali ilipeleka wanajeshi waliostaafu na vijana kwa maelfu kwenda kulima lile nyika kubwa la kaskazini. Wakachimba mitaro, wakakausha, wakapanda ngano, soya, mpunga. Watu walikuwa na njaa, na ardhi ile ililisha wengi, sitaki kuidharau kazi ile. Lakini sehemu kubwa ya vinamasi vya bonde la Sanjiang iliondoka. Hifadhi ya Zhalong, karibu na mji wa Qiqihar, ilianzishwa mwaka 1979 ili angalau kipande kibaki. Leo korongo mwenye utosi mwekundu porini anahesabika kwa elfu chache tu. Hapa Marekani yuko kwenye orodha ya sheria ya viumbe wanaoweza kutoweka tangu 1970.

Fikiria hilo. Huyu ni ndege aliyependwa kuliko karibu ndege yeyote. Enzi za Ming na Qing, ofisa wa kiraia wa daraja la juu kabisa alivaa korongo kifuani, ameshonwa kwa nyuzi za hariri. Miaka elfu ya kuchorwa, kushonwa, kuimbwa, na bado matete yake yalikauka.

Tusiwanyooshee Wachina kidole. Sisi wa kwetu tumemweka kwenye bendera. Tangu tarehe 9 Oktoba 1962 korongo taji amesimama katikati ya bendera ya Uganda, mguu mmoja juu, na timu ya taifa ya mpira inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1985 korongo taji wa Afrika mashariki na kusini walikadiriwa kupita 100,000. Makadirio ya miaka ya karibuni yameshuka hadi kati ya 26,500 na 33,500. Tangu 2012 amewekwa rasmi katika kundi la walio hatarini kutoweka. Sababu ni zile zile: vinamasi kugeuzwa mashamba, sumu, nyaya za umeme, mayai na vifaranga kuchukuliwa.

Na wengine huchukuliwa kwa kupendwa. Huko Rwanda ilikuwa fahari kuwa na korongo kwenye bustani ya hoteli au nyumba ya tajiri. Daktari wa wanyama Olivier Nsengimana alianzisha kazi ya kuwaandikisha wale wote waliofungwa majumbani, bila kumshtaki mwenye nyumba, halafu wale wenye afya wakarudishwa porini katika hifadhi ya Akagera. Wale ambao mabawa yao yalikuwa yameharibiwa wakapewa makazi yao Kigali. Hesabu ya mwaka 2017 ilipata korongo 487 porini nchi nzima. Miaka michache baadaye wakapita 1,000. Kwa hiyo inawezekana. Lakini haikuwezekana kwa picha. Iliwezekana kwa mtu kwenda nyumba kwa nyumba.

Majirani zetu wa Laurel

Nimekulia Laurel. Shule ya msingi, kanisa, duka la kukata nywele, yote Laurel. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba dakika chache kutoka nyumbani, ndani ya kituo cha utafiti wa wanyamapori cha Patuxent, watu walikuwa wakilea korongo waliokaribia kutoweka duniani.

Ni korongo weupe wa Amerika, ndege mrefu kuliko wote bara hili. Mwaka 1941 walikuwa wamebaki ishirini na kitu tu porini. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960, kituo kile cha Laurel kikaanza kuwazalisha. Wafanyakazi walivaa majoho meupe yanayowafunika mwili mzima, mkononi wameshika kichwa cha korongo cha bandia, wakilisha vifaranga kimya kimya, ili kifaranga asije akadhani mama yake ni binadamu. Kuanzia 2001, vifaranga waliolelewa hivyo walifundishwa njia ya kwenda Florida kwa kufuata ndege ndogo nyepesi angani. Kazi hiyo iliendelea zaidi ya miaka 50, hadi fedha zilipokatwa na korongo wa mwisho wakahamishiwa kwingine mwaka 2018. Leo, pamoja na walio kwenye hifadhi, korongo hao ni mamia kadhaa.

Nilipomsimulia Baba, alicheka hadi akakohoa. "Kwa hiyo mzungu anavaa nguo nyeupe kama malaika anamlisha ndege?" Halafu akanyamaza. "Na sisi watoto wetu tuliwaachia nani wawafundishe njia?" Hiyo sitaieleza. Nyinyi mnaosikiliza podikasti hii mnaijua ilivyo.

Kuna korongo mwingine wa DMV mnayepaswa kumjua. Aliitwa Walnut. Alikuwa korongo mwenye kisogo cheupe, jamaa wa wale wa kwenye michoro, kutoka upande wa Mongolia, China na Urusi. Aliangua mwaka 1981 huko Wisconsin, wazazi wake wakiwa wamechukuliwa porini China, na akalelewa na mikono ya watu. Matokeo yake, hakumjua korongo kama mwenziwe. Inasemekana aliwaua madume wawili walioletewa kwake. Mwaka 2004 akahamishiwa taasisi ya Smithsonian ya Front Royal, Virginia, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka mjini, na huko akamchagua mtunzaji wake, Chris Crowe. Alimchezea ngoma ile ya uchumba ambayo korongo hucheza, na Crowe akaitikia, akapunga mikono, akamtupia majani. Kwa uhusiano huo, na mbegu za dume zilizotiwa kwa mkono wa mtaalamu, Walnut alipata vifaranga wanane. Alikufa Januari 2024, akiwa na miaka 42. Miaka elfu ya kwenye hadithi hakuifikisha, lakini kwa korongo huo ni uzee wa heshima.

Ninampenda Walnut, na pia ananihuzunisha. Alizaliwa mbali na kwao, akalelewa na wasio wake, akawa hajui lugha ya wenziwe wanapomfikia. Lakini alizaa. Damu ya kwao haikupotea.

Bakuli la Freer

Baada ya jicho la Baba kupona nilimpeleka Smithsonian, upande wa sanaa za Asia, lile jengo la Freer lililofunguliwa mwaka 1923. Mlango ni bure, Mama hupenda niwakumbushe watu hilo. Michoro ya hariri haikai ukutani muda mrefu, mwanga unaila, kwa hiyo huibadilisha kila baada ya miezi. Siku ile hatukupata korongo kwenye hariri. Tulipata kwenye vyombo vya Korea: udongo wa rangi ya kijani kama maji ya bwawa, na ndani yake korongo wadogo weupe na weusi wakiruka kati ya mawingu. Mafundi wa enzi ya Goryeo walichonga umbo la ndege kwenye udongo mbichi, wakajaza udongo wa rangi nyingine, wakachoma. Ndege wamebaki humo karibu miaka 800.

Baba aliinama, sasa akiwa na macho mawili. Alikaa pale muda mrefu. Mlinzi akatusogelea, akafikiri kuna tatizo. Baba akamwambia kwa Kiingereza chake cha basi kwamba hawa ndege anawajua.

Tukiwa kwenye treni ya kurudi, Mama ndiye aliyesema kitu ambacho bado kinanizunguka. Mama ni wa Mombasa, kwake Kiswahili si lugha ya kukutana na Baba tu, ni nyumba. Akasema, "Lakini korongo ni mambo mawili. Kuna korongo ndege, na kuna korongo lile bonde, maji yakichimba ardhi." Huyu korongo, hili korongo. Ngeli tofauti, neno moja. Nikafikiria mitaro ya Baba mdogo. Ukilichimba korongo, unamfukuza korongo.

Korongo hajawahi kulipa karo

Nilimpigia Baba mdogo Jumapili, saa ya jioni kwao. Nilikuwa nimejiandaa vizuri: sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999 inakataza kukausha kinamasi bila kibali. Karatasi zote mkononi. Nikaanza na heshima, nikamuuliza habari za mahindi, za mvua, za watoto. Halafu nikaingia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole:

"Kukhu, nimekusikia. Lakini korongo hajawahi kulipa karo ya mtoto wa mtu."

Sikuwa na jibu. Ana watoto wawili sekondari na mmoja anangoja kuingia chuo. Mimi ninaishi kwenye nyumba yenye joto, nampigia mtu simu kumwambia asitumie ardhi ya babake kwa sababu ya ndege niliyemwona kwa daktari. Hebu jiulize wewe ungejisikiaje. Pale China mkulima aliyekausha matete naye alikuwa na watoto.

Baba ndiye aliyeniokoa. Alichukua simu. Hakusema neno lolote juu ya ndege kuwa hatarini. Alimuuliza ndugu yake, "Mwaka ule wa kiangazi, visima vyote vikikauka, ng'ombe walikunywa wapi?" Kimya. "Na ukipanda karatusi pale, jirani wa chini atakunywa nini?" Kimya tena. Halafu wakaanza kuongea Kibukusu, haraka, na mimi nikabaki nje, nikiwa nashika maneno mawili matatu. Walicheka mara moja. Nadhani waligombana mara mbili.

Nilichojifunza baadaye ni kwamba nilikuwa nasoma makala za mbali wakati jawabu liko karibu na kwao. Saiwa ni hifadhi ya taifa tangu 1974, ndogo kuliko zote Kenya, kama kilomita tatu za mraba, iliyotengwa kwa ajili ya nzohe, yule swala wa majini. Korongo taji wamejificha humo humo kwa baraka ya nzohe. Na hapo jirani, Kipsaina, wanakijiji wakiongozwa na Maurice Wanjala waliunda kundi lao la kulinda korongo na vinamasi, wakapanda miche ya miti ya kienyeji, wakatundika mizinga ya nyuki, watu wapate kitu mfukoni bila kukausha maji. Nilipomtajia Baba mdogo, akasema, "Aah, wale nawajua." Kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuwatembelea.

Tulifikia hapa. Mikaratusi itapandwa juu, kwenye mpaka wa shamba, mbali na maji. Kinamasi kinabaki, lakini ukingo wake unalimwa nduma na majani ya ng'ombe. Zile dola 1,600 nimezituma, si za mitaro, ni za ng'ombe wa maziwa. Maziwa yanalipa karo, polepole, lakini kila mwezi. Ni makubaliano ya mdomo kwenye WhatsApp, na mtu yeyote mwenye familia anajua makubaliano hayo yana uzito gani. Tena mtaro mmoja ulikuwa tayari umechimbwa kabla ya simu yangu. Baba mdogo amesema ataufukia. Hajaufukia bado.

Huko Hokkaido, korongo wenye utosi mwekundu walidhaniwa wamekwisha kabisa, hadi mwaka 1924 wachache walipoonekana kwenye kinamasi cha Kushiro. Miaka ya 1950, kwenye baridi kali, wakulima wakaanza kuwamwagia mahindi. Mahindi yao wenyewe. Leo wako zaidi ya 1,000 kisiwani pale. Nilimwambia Baba mdogo hilo nikidhani litamgusa, maana Kitale ni mahindi. Akaniuliza gunia moja la mahindi Japani ni shilingi ngapi.

Jana usiku simu ililia. Picha kutoka nyumbani. Ng'ombe mweusi na mweupe, amefungwa kwenye mti, anamtazama mpiga picha kwa wasiwasi. Nyuma yake matete yanaonekana, bado mabichi. Baba aliikuza picha, akaitafuta kona kwa kona na macho yake mapya.

Chini Baba mdogo alikuwa ameandika: "Ng'ombe amefika. Korongo bado. Tungoje mvua."

Kama kwenu kuna kinamasi, au kuna mzee anayemkumbuka ndege huyu kwa jina la kwenu, turekodie sauti yake utuletee. Muulize leo, usingoje mazishi.